Msikitini na Uani: Ibada za Wanawake na Wanaume katika Pwani ya Waswahili

Historia ya Uislamu katika pwani ya Afrika Mashariki imetungwa kwa kutegemea zaidi vitu vilivyojengwa au kuandikwa na wanaume, kama vile mihirabu ya mawe, maandishi ya makaburini, nasaba za masharifu, hukumu za makadhi na vitabu vya masheikh. Mabaki ya misikiti ya kwanza yaliyofukuliwa Shanga, katika kisiwa cha Pate, yanarudi nyuma hadi karne ya 8. Maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yana mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Naye Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisifu uchaji wa wenyeji wa Mombasa na misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Katika ushahidi huo wote nusu ya waumini haionekani ila kwa nadra. Mtafiti anayeufuata peke yake huweza kudhani kwamba dini ilikuwa mali ya wanaume, na kwamba wanawake walibaki pembeni, wakiwa na imani pungufu iliyochanganyika na mizimu, na dhana hiyo imeshikiliwa kwa nyakati mbalimbali na wamisionari, na maofisa wa kikoloni, na hata na baadhi ya wanazuoni wa pwani wenyewe. Insha hii inashikilia kinyume chake: tofauti iliyokuwapo baina ya wanawake na wanaume ilitokana na mahali ambapo kila upande uliruhusiwa kuabudu na namna ulivyoruhusiwa kujifunza, na kila mlango mpya ulipofunguliwa, wanawake waliingia kwa wingi uliowashangaza waliokuwa wamewadharau.

Suala hili si la pwani peke yake. Wataalamu wa elimu ya jamii wamezoea kusema kwamba wanawake ni watu wa dini kuliko wanaume, na ripoti iliyotolewa mwaka 2016 na kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani ilikadiria kwamba duniani kote asilimia 83.4 ya wanawake hujitambulisha na dini fulani, ikilinganishwa na asilimia 79.9 ya wanaume. Hata hivyo ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba miongoni mwa Waislamu wanaume ndio wanaohudhuria zaidi ibada za pamoja, ilhali katika sala za kila siku jinsia hizo mbili zinakaribiana sana. Kwa hiyo anayehesabu safu za Ijumaa hupata jibu moja, na anayeuliza juu ya sala za nyumbani hupata jibu jingine, ijapokuwa watu wanaohesabiwa ni walewale. Historia ya pwani imekuwa ikihesabu safu za Ijumaa kwa muda mrefu mno.

Chanzo cha mgawanyo huo kimo kwanza katika fikihi, yaani elimu ya sheria za ibada, na hasa katika madhehebu ya Shafii ambayo yamefuatwa na Waswahili wengi kwa karne nyingi. Kwa mujibu wa madhehebu hayo sala ya Ijumaa ni faradhi kwa mwanamume na si faradhi kwa mwanamke, na sala ya mwanamke nyumbani kwake huhesabiwa kuwa bora kuliko sala yake msikitini. Mwanamke aliye katika hedhi, au katika nifasi, ambayo ni damu inayofuata uzazi na ambayo kwa kawaida huchukua siku 40 na haizidi 60, haswali, hafungi wala hagusi msahafu; sala zilizompita hazilipi, lakini siku za Ramadhani zilizompita huzilipa baadaye kwa saumu inayoitwa kadha. Athari ya masharti haya katika maisha ya kidini ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwanamume hufunga pamoja na mji mzima na kufuturu pamoja na mji mzima, wakati ambapo mwanamke hujikuta kila mwaka akifunga siku kadhaa peke yake, katika miezi ambayo wengine wanakula mchana, bila daku ya pamoja na bila tarawehe, akiwa na hesabu yake mwenyewe ambayo hakuna imamu anayeishika. Ni ibada ya siri inayodai nidhamu ya hali ya juu, na kwa kuwa haina jengo wala tangazo, waandishi wa historia wameipita kimya.

Jambo la pili lilikuwa elimu. Watoto wa kike na wa kiume walianza pamoja katika chuo, yaani darasa la Kurani lililokuwa barazani au chumbani kwa mwalimu, na katika miji mingi walikuwapo walimu wa kike waliofundisha nyumbani mwao wasichana na wavulana wadogo. Njia zilitengana msichana alipovunja ungo, kwa kuwa binti wa kiungwana aliingia utawani, yaani alikaa ndani asionekane na wanaume wasio maharimu wake, huku ndugu yake akiendelea na darsa za msikitini ambako alisoma nahau, fikihi na tafsiri. Kusoma kuliruhusiwa, lakini kuandika hakukupendwa kwa wasichana. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na ambaye baadaye alijulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kwamba alijifundisha kuandika kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ikiwa binti wa sultani alilazimika kujificha ili apate kalamu, basi uchache wa vitabu vilivyotungwa na wanawake haupimi kina cha imani yao, bali unapima ugumu wa kuifikia kalamu.

Waliofanikiwa kutunga waliacha kazi ambayo bado inasomwa. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alitunga mwaka 1858 utenzi wa kumwusia binti yake Mwana Hashima, akiwa mgonjwa na akijua kwamba umauti hauko mbali. Wasomaji wa sasa hujadili zaidi sehemu inayomtaka mke amtii mumewe na inayoifungamanisha radhi ya mume na pepo ya Akhera, na wengi huishia hapo kwa hasira au kwa kuunga mkono. Kusoma kwa namna hiyo ni kuudhulumu utenzi, kwa sababu ndani yake mama anamfundisha bintiye dini kwa mamlaka kamili bila kumtaja mwalimu mwingine yeyote, anaanza na haki za Mwenyezi Mungu na za Mtume kabla ya kufika kwa wazazi na mume, na anamalizia kwa dua ndefu ambamo anazungumza na Mola wake moja kwa moja. Yeye mwenyewe alijua kuandika na alitaka maneno yake yanakiliwe na kusomwa na wanawake wengine. Mila ya wanawake kuurithisha utenzi huo kwa mabinti zao, kwa nakala za hati ya Kiarabu na kwa kuukariri, ilikuwa ni madrasa isiyo na jengo.

Mahali pengine ambapo mgawanyo ulionekana wazi ni msibani. Maiti wa kike alioshwa na wanawake waliobobea katika kazi hiyo, ambao walijua masharti ya josho, idadi ya nguo za sanda na dua zake, na elimu hiyo walipokezana wenyewe kwa wenyewe. Jeneza lilipotoka, wanaume walilifuata hadi makaburini, wakazika na kusoma talakini, nao wanawake wakabaki nyumbani wakisoma Yasini na khitma, wakipokea waliokuja kuhani na kuyaongoza matanga kwa siku zilizofuata. Mjane aliingia eda ya miezi minne na siku kumi, akiacha mapambo na manukato na kutotoka ila kwa dharura, na katika muda huo aliishi katika hali ya ibada na maombolezo ambayo haina mfano wake kwa mwanamume aliyefiwa na mke. Kwa mwanamume mauti yalikuwa tukio la alasiri moja likifuatiwa na visomo. Kwa mwanamke yalikuwa msimu mzima wa maisha. Wanawake waliokatazwa kulifuata jeneza walikwenda makaburini kwa wakati wao, wakipeleka ubani, marashi na vitambaa katika makaburi ya masharifu na mawalii, kuweka nadhiri ya kupata mtoto au kuponywa. Salme anaeleza nadhiri za namna hiyo katika chemchemi moja ya Unguja ambayo watu waliamini kwamba ina mwenyewe asiyeonekana, na anawataja wanawake wa jumba la kifalme miongoni mwa walioziweka.

Hapo ndipo ulipo mjadala mkali kuliko yote, yaani mjadala wa pepo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alieleza kwa utulivu namna ugonjwa usiosikia dawa ulivyohusishwa na pepo, namna mganga alivyoitwa, na namna ngoma ilivyopigwa mpaka pepo akapanda kichwani na kutaja jina lake na matakwa yake. Unguja na Pemba makabila ya pepo yalikuwa mengi, na kila moja lilikuwa na nyimbo zake, nguo zake na chakula chake: ruhani walihesabiwa kuwa pepo Waislamu wa Kiarabu wanaopenda udi, halua na visomo, rubamba walinasibishwa na Pemba, habeshia na Uhabeshi, na kibuki na Bukini, yaani Madagaska, nao walisemekana kuwa Wakristo wanaotaka vileo. Aliyepandwa aliitwa kiti, na baada ya matibabu aliweza kuingizwa katika kilinge, yaani chama cha watu wa pepo mmoja chini ya fundi wao, na kupanda daraja hadi yeye mwenyewe akawa fundi. Wengi wa watu hao walikuwa wanawake, ingawa wanaume hawakukosekana.

Maelezo yaliyopata umaarufu zaidi katika vyuo vikuu ni ya I. M. Lewis, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1971 alidai kwamba ibada za namna hii ni silaha ya wanyonge: mke asiyeweza kumdai mumewe dhahabu au nguo humdai kupitia kinywa cha pepo, na mume hulipa bila kuona kwamba ameshindwa. Maelezo hayo yana ukweli wake, na gharama za ngoma ya pepo zililalamikiwa na waume wengi. Hata hivyo Linda Giles, aliyefanya utafiti wake katika pwani hii na kuchapisha matokeo yake mwaka 1987, alionyesha kwamba viongozi wengi wa vilinge hawakuwa watu wa pembeni, kwamba wanaume walishiriki, na kwamba shughuli zenyewe zilijaa ishara za Kiislamu. Ushahidi wa pwani unamuunga mkono yeye zaidi. Mwanamke aliyepungwa ruhani alisomewa Kurani, alikunywa kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani, alifukizwa udi na kutakiwa awe na tohara na kushika sala, kwa kuwa pepo wake hakukubali kukaa kwa mtu mchafu au mvivu wa ibada. Kumwita mtu huyo mshirikina na kumwacha mumewe, ambaye alivaa hirizi iliyoandikwa na mwalimu yuleyule aliyeandika kombe, ni kutumia mizani miwili. Waganga wa kitabu, waliotazamia nyota na kuandika hirizi, walikuwa karibu wote wanaume, na wateja wao walikuwa wa jinsia zote. Lililowatenganisha mbele ya macho ya jamii ni kwamba uganga wa wanaume ulikuwa na kalamu na ule wa wanawake ulikuwa na ngoma.

Mlango wa kwanza mkubwa ulifunguka katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, na waliofungua hawakuwa na nia ya kubadilisha hali ya wanawake. Tarika, yaani njia za Kisufi zenye sheikh, silsila, nyuradi na zikri za pamoja, zilienea wakati huohuo ambapo utumwa ulikuwa unavunjika; ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa mwaka 1847 na kuuawa mwaka 1909, aliieneza tarika ya Kadiria hadi Unguja na Mrima, na makhalifa wake wakaipeleka bara. Bagamoyo iliongozwa na Sheikh Ramiya, ambaye aliletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtumwa na aliyefariki mwaka 1931 akiwa sheikh mwenye kuheshimiwa kote nchini. Lamu alikuwapo Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, aliyewafundisha watumwa na watoto wa watumwa katika mtaa wa Langoni, akajenga msikiti wa Riyadha na kuyapa maulidi matari na sauti za halaiki, jambo ambalo baadhi ya waungwana wa mji walilipinga kwa ukali.

Kwa wanawake, na hasa kwa wale waliokuwa watumwa au wazao wa watumwa, ambao hawakuwa na utawa wa kiungwana wala nasaba ya kujivunia, tarika ilileta kitu ambacho msikiti wa Ijumaa haukuwahi kuwapa: ijaza, yaani idhini ya sheikh kusoma nyuradi fulani na kuwafundisha wengine, ambayo haikufungamana na kuongoza sala mbele ya wanaume na kwa hiyo haikuvunja sheria. Bi Mtumwa binti Ali, aliyepata mafunzo ya Kadiria Unguja kisha akaieneza katika eneo la Nkhotakota, Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, aliwaleta wanawake wengi katika zikri na alikumbukwa huko kama kiongozi hadi kifo chake mwaka 1958 na baada yake. Kabla yake, Barawa ilimpata Dada Masiti, ambaye jina lake kamili ni Mana Siti Habib Jamaluddin. Kwa mujibu wa mapokezi ya mji wake, aliondolewa kwao akiwa msichana akafikishwa Unguja, akaishi huko katika dhiki kwa miaka mingi, akarudi, akasoma chini ya masheikh wa Kadiria na kutunga mashairi ya dini kwa Chimbalazi, lugha ya Barawa iliyo ndugu wa karibu wa Kiswahili. Mashairi yake yalihifadhiwa vichwani na wanawake wasiojua kuandika. Alifariki mwaka 1919, akazikwa katika nyumba yake, na ziara hufanywa kaburini pake kila mwaka, na waendao ni wanawake kwa wanaume. Haitoshi kumtaja kama mtu wa ajabu aliyechomoza miongoni mwa wanawake wasio na elimu, kwani mwanamke hawezi kuwa walii wa mji ikiwa mji hauna kizazi cha wanawake wanaomfahamu, wanaomwimba na wanaomfundisha kwa watoto.

Mlango wa pili ulifunguliwa na watu ambao walikuwa na mashaka makubwa na ule wa kwanza. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, aliandika dhidi ya israfu za arusi na matanga na dhidi ya desturi alizoziona kuwa bidaa, yaani mambo yaliyozushwa katika dini. Lakini alihimiza vilevile kwamba wasichana wasomeshwe, kwa hoja kwamba mama mjinga hawezi kulea Waislamu wenye elimu. Unguja serikali ilikuwa imefungua shule ya wasichana mwaka 1927, na wazee waliosita walianza kuridhia walipoona Kurani na masomo ya dini yamo katika ratiba. Baadaye Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1969, aliendeleza vita dhidi ya bidaa, na wakati huohuo, kwa kuiweka Kurani katika lugha ambayo kila mwanamke wa pwani aliielewa, aliwaondolea wanawake kizuizi ambacho karne nyingi za darsa za msikitini zilikuwa zimekilinda.

Mabadiliko hayo yalikuja kwa gharama, na ni haki gharama hiyo isemwe. Ngoma ya pepo, nadhiri za makaburini, maulidi ya uani na visomo virefu vya matanga ndiyo mambo yaliyoshambuliwa zaidi, na karibu yote yalikuwa mahali ambapo wanawake waliongoza. Mfuasi wa mageuzi alimwambia bibi yake kwamba yale aliyoyafanya kwa ikhlasi tangu utotoni si dini, na bibi hakuwa na kitabu cha kumjibu. Kwa upande mwingine wajukuu wa kike wa bibi huyohuyo waliingia madrasa, wakajifunza hukumu za hedhi na mirathi kwa kuzisoma wenyewe, wakawa walimu, na kuanzia miongo ya mwisho ya karne ya 20 misikiti mingi ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam ilitenga vyumba au ghorofa za wanawake, ambazo katika usiku wa Ramadhani hujaa. Anayetaka kudai kwamba wanawake wa pwani hawakuwa na hamu ya msikiti hana budi kueleza walitoka wapi wanawake waliozijaza nafasi hizo mara tu zilipokuwapo.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba wanawake hawakuwa kundi moja. Mwungwana wa Lamu aliyetoka nje ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililobebwa na watumwa wake, na mjakazi aliyeibeba shiraa hiyo walikuwa wote wanawake na wote Waislamu, lakini mmoja alizuiwa barabara kwa heshima yake na mwingine alizuiwa elimu kwa unyonge wake. Wa kwanza alijenga dini yake kwa utenzi na wakfu, wa pili kwa zikri na ngoma. Wanawake wenye mali waliziwekea wakfu nyumba na mashamba kwa ajili ya misikiti, na hati za wakfu hizo ni miongoni mwa nyaraka chache za kisheria ambamo imani ya mwanamke imeandikwa kwa jina lake, zikitaja misikiti iliyopewa mafuta ya taa na mikeka kwa mali ya mtu ambaye hakuswali ndani yake.

Sehemu kubwa ya ushahidi uliobaki haimo katika makumbusho wala katika maktaba za vyuo vikuu. Imo katika madaftari ya kasida na nyuradi yaliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu na kufungwa kwa leso ndani ya masanduku, na katika vichwa vya waoshaji wa maiti, walimu wa vyuo vya nyumbani na viongozi wa maulidi ya wanawake, ambao wengi wao sasa ni wazee sana. Idara za historia na za Kiswahili za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, pamoja na familia zenye masanduku hayo, zinaombwa ziyanakili madaftari na kuwarekodi wazee hao wakati wangali hai, na kazi hiyo ipewe watafiti wa kike, kwa kuwa nyingi ya nyumba hizo haziingiwi na mwanamume mgeni.